Jamvi la Fundi Kindi

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Mnaiona nyumba ndogo ya udongo, paa lake la nyasi? Juu yake mfenesi mkubwa umeinama kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Ndani, kwenye kona, Mama Kanga ameatamia mayai kumi na mawili. Hawezi kutoka. Akitoka, yatapoa.

Basi, hayo yalitokea zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakijenga nyumba na kuazimana chumvi. Mvua kubwa ilikuwa karibu, na matawi mawili ya mfenesi ule yalikuwa yameanza kuoza. Moja lilining'inia juu ya ua. La pili lilikuwa juu ya chumba chenyewe, juu ya mayai.

"Majirani, nisaidieni!" Mama Kanga aliita dirishani. "Yakateni, lakini yasianguke!"

Nyani akaja na msumeno wake. Nyati akaja na kifua chake kipana. Kindi naye akaja akiburuta kamba ya katani iliyokuwa nzito kuliko yeye.

Nyati alipomwona alicheka hadi akakohoa. "We Kindi! Utashika tawi wewe? Uzito wako haufiki wa sikio langu."

"Mwache ashike jani," Nyani akasema kutoka mtini. "Tena jani kavu!"

Wakacheka wote. Hata Mama Kanga alicheka kidogo, kisha akaziba mdomo.

Kindi aliumia. Alikuwa amechoka kuchekwa kwa udogo wake. Akajisemea moyoni, "Leo mtaniita fundi."

Akapanda mbio, pru-pru-pru! Akaifunga kamba kwenye tawi la juu ya ua, akaipitisha juu kwenye panda ya mti iliyo imara, akaiteremsha hadi chini. Halafu akatundika jamvi lake kuukuu mbele ya shina na kuingia nyuma yake.

"Jamvi la nini tena?" Nyati akauliza.

"Mwiko, bwana. Fundi akitazamwa, dawa hukimbia."

Mnajua alifanya nini nyuma ya jamvi? Aliizungusha ile kamba kwenye shina. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Basi! Kamba ikizungushwa hivyo hulikaba shina, na mti wenyewe ndio unaobeba uzito. Anayeshika mwisho wa kamba hana kazi kubwa. Babu yake Kindi alimfundisha hilo wazi wazi, mchana kweupe, bila jamvi lolote.

"Ondokeni chini!" Kindi akapaza sauti. "Kata!"

Krr-krr-krr, msumeno ukalia. Kwacha! Tawi likakatika, nalo likabaki hewani. Kisha likashuka polepole, shibiri kwa shibiri, hadi likatua uani bila kuvunja hata kikombe.

Kindi akatokeza kichwa pembeni mwa jamvi. Mkono mmoja ulishika kamba. Mwingine ulikuwa ukitia karanga mdomoni.

"Lo!" Nyani nusura aangushe msumeno.

Nyati akaja taratibu, akainamisha pembe zake hadi zikagusa vumbi. "Nilikukosea, fundi. Nifundishe nami."

Hapo, wanangu, Kindi angeweza kusema kweli. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini lile neno "fundi" lilikuwa tamu kuliko karanga, naye hakutaka kuligawa.

"Ni dawa, Bwana Nyati," akasema. "Tafuna jani la mpera. Kisha useme mara tatu, 'Tua taratibu, tawi tukufu.' Nguvu zitakuja zenyewe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kindi akaenda zake huku akicheka hadi mkia ukatikisika. Tawi la pili wangelikata kesho yake.

Asubuhi Nyani alibisha mlangoni kwa Kindi. "Hodi, fundi! Upepo umeanza. Mama Kanga anakuita."

"Nakuja," Kindi akajibu, lakini hakuinuka. Fundi mkubwa hakimbii anapoitwa mara ya kwanza. Acha waje tena, waombe kidogo. Akajimiminia uji kikombe cha pili.

Upepo ukavuma, vuu, vuu. Hakuna aliyekuja mara ya pili.

Kindi akaweka kikombe chini. Mbona kimya? Ndipo akasikia kwa mbali sauti nzito yenye matumaini: "Tua taratibu, tawi tukufu! Tua taratibu, tawi tukufu!"

Akatoka mbio.

"Ngoja! Nyani, ngoja!" alipiga kelele njia nzima. Lakini kwa hofu ya upepo hawakumngoja; Nyani alikuwa ameipitisha kamba kwenye panda kama jana, Nyati ameishika. Msumeno ulikuwa ukilia, krr-krr-krr, na Nyani hakusikia kitu.

Kwacha!

Tawi likaporomoka. Kamba ikapita viganjani mwa Nyati kama moto, vuuu! Ncha ya tawi ikaupiga mtungi wa maji uliokuwa nje, kando ya ukuta, ukapasuka vipande vipande. Nyati akauma meno, akakita miguu, akaikaza kamba kwa nguvu zake zote. Tawi likasimama, mgongo wake umelalia ukingo wa paa. Nyasi zikaanza kudondoka chumbani.

"Mayai yangu!" Mama Kanga akalia. Hakukimbia. Alitandaza mabawa, akajilaza juu ya mayai yake.

Nyati alikuwa akivutwa mbele, hatua moja, hatua nyingine. Jani la mpera lilikuwa bado limemganda mdomoni. Akamwona Kindi.

"Fundi!" akasema, akihema. "Nimesema mara tatu kama ulivyoniambia. Nimekosea neno gani?"

Wanangu, Kindi alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani mwake, lakini hakuna tusi lililowahi kumchoma kama swali lile. Alitamani ardhi ipasuke aingie.

Alidaka mwisho wa kamba uliokuwa umelala nyuma ya Nyati, akaanza kuuzunguka mti. Mara moja! Mara mbili! Mara tatu! Hakutundika jamvi. Wote walimtazama. Akaikaza kamba shinani, akaishika.

"Achia sasa, Bwana Nyati. Achia polepole."

"Niachie? Likianguka je?"

"Halitaanguka. Shina litalishika."

Nyati akamkazia macho. "Jana uliniambia ni dawa. Leo unaniambia ni shina. Nikuamini lipi?"

Chumbani, Mama Kanga aliinua kichwa asikilize. Juu ya mti, Nyani naye aliinama asikie.

"Hakuna dawa," Kindi akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, akaipandisha ili wote wasikie. "Niliwadanganya. Jana nyuma ya jamvi nilizungusha kamba hivi hivi, mara tatu. Sina nguvu yoyote. Nilitaka mniite fundi."

Nyati akafungua mkono mmoja. Kamba ikalia, kwiii! Akafungua wa pili.

Kamba ikakaba shina. Tawi halikusogea.

"Kumbe!" Nyani akasema kwa kunong'ona.

Nyani akateremka, akalisukuma tawi kwa ufito mrefu hadi likatoka kwenye paa. Kindi akaregeza kamba kidogo kidogo, shibiri kwa shibiri, mpaka tawi likalala chini. Hapakuwa na makofi.

Mama Kanga akayahesabu mayai yake. Kumi na mawili, yote mazima. Lakini mtungi ule alikuwa ameachiwa na mama yake, na hautengenezeki tena.

"Karibuni uji, mafundi," aliita kutoka ndani, kwa sauti yake ileile ya upole.

Mafundi! Safari hii neno lile lilikuwa chungu kwa Kindi.

Nyati hakuweza kushika kikombe. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Kindi akamshikia, akamnywesha.

"Ungeniambia tu jana," Nyati akasema, bila hasira. "Bado ningekuita fundi."

Baadaye Kindi alienda ukutani, akaokota vigae vya mtungi kimoja kimoja hadi jua likawa kali. Kisha akamfunga Nyati viganja kwa kitambaa laini, akamchukua hadi kwenye shina, akamwekea kamba mikononi. "Zungusha mwenyewe," akamwambia. "Mara tatu. Nami nitatazama."

Siku tano baadaye vifaranga kumi na wawili walianguliwa. Walijifunza kutembea juu ya lile jamvi kuukuu alilolileta Kindi, akalitandaza uani.

Anayeficha njia ya usalama ili asifiwe peke yake, huwatia wenzake hatarini.

Nami nawaombeni, wanangu, mkumbuke jambo moja tu: mwenzako akikuambia "nifundishe," mwambie yote, hata lile la nyuma ya jamvi.