Chungu cha Mtindi na Mvua ya Ijumaa

Aliyesema kidole kimoja hakivunji chawa bila shaka aliwahi kuwashwa kichwani. Maana yake ni wazi: jambo zito halimalizwi na mmoja, hata awe mkubwa namna gani. Sharvari Damle wa mjini Pune aliikariri methali hiyo tangu utotoni, ila aliielewa mwaka walionyimwa kompyuta.

Nchi moja kubwa ya ng’ambo ilikataa kuwauzia kompyuta kuu ya kutabiri mvua, ikihofu wataitumia kuundia mabomu. Basi Sharvari na wahandisi wenzake wakaunganisha prosesa ndogo ndogo, yaani bongo za kompyuta, mia mbili na ushei, zikajaa kabati zikivuma kama nyuki walioshiba. Zilipiga hesabu, lakini kwa mwendo wa kinyonga: mvua ya kesho ilitabiriwa keshokutwa.

“Dada, kompyuta yenu imesemaje?” mdogo wake, Girish, alimtania asubuhi ya sikukuu. “Jana itanyesha?”

“Cheka tu. Ijumaa ijayo anakuja mkubwa wa wizara. Ikichelewa tena, inang’olewa, nami narudi jikoni kumenya vitunguu na mama.”

“Ukimenya wewe, vitalia vyenyewe.”

Mtaani, kwa desturi ya sikukuu hiyo, chungu cha mtindi kilining’inia juu kabisa kwenye kamba, kikingoja vijana wakivunje. Katika manyunyu laini kama usingizi, vijana walipandana mabegani kukifikia, Girish akiwa safu ya chini. Kiongozi wao alimwamuru kila mmoja peke yake: wewe sogea, wewe ngoja. Kila mtu akamngoja yeye, magoti yakatetemeka, mnara ukaporomoka.

“Mwacheni huyo na mdomo wake,” Girish alisema akijipangusa tope. “Kila mtu amsikilize wa begani kwake.”

Mara ya pili mnara ulipanda kama moshi. Chungu kikapasuka, mtindi ukashuka mweupe kama wingu, ukamwagikia hata Sharvari aliyesimama kinywa wazi kama aliye ndotoni. Kumbe hata prosesa zake zote zilingoja amri ya moja tu, kama ndoo mia kwenye bomba moja!

Alikwenda kazini na mtindi nyweleni. Juma zima yeye na wenzake waliligawa anga vipande vipande, kila prosesa na kipande chake, nayo imwulize jirani tu: huko kwako upepo ukoje?

Ijumaa anga lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mashine ilimaliza hesabu kabla chai haijapoa: mvua kubwa, adhuhuri.

Mkubwa wa wizara akachungulia dirishani. “Binti, mvua ya wapi hii?”

“Ya hapa, mzee. Chukua mwavuli.”

“Nitauchukua siku ya mvua.”

Akatoka. Sharvari alibaki dirishani, roho mkononi. Adhuhuri kikaja kiwingu, kikamvuta jirani yake, naye wake, mpaka anga lote likashikana mabega. Mkubwa akarudi mbio, amelowa chapachapa.

“Mashine ibaki,” alisema akikamua shati. “Na ule mwavuli uko wapi?”

Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.