Kipimo cha Pembe

Ndugu zangu, yupo mwanamume mmoja aliyelima karibu na msitu. Alirithi kwa baba yake gobore, bunduki ile ya kushindilia baruti kwa kijiti, pamoja na kipimo cha pembe ya mbuzi. Kipimo kimoja cha baruti, risasi moja, basi. Baba yake alifuata hivyo maisha yake yote, akafa kitandani kwake.

Sasa, msimu uliopita nyati alimuua jirani yao, na mwanamume huyu ndiye aliyembeba kumrudisha nyumbani. Msimcheke, jamani! Aliyebeba maiti ya rafiki yake anajua alichobeba. Tangu siku hiyo kipimo kimoja akakiona kidogo. Akaongeza cha pili. Wiki ikapita, akaongeza cha tatu juu ya vile vya mwanzo, akashindilia mpaka jasho likamtoka.

Mkewe akamwambia, "Baba Nyamizi, si ulishaijaza hiyo bunduki?"

"Nyati wa mwaka huu siyo wa mwaka jana, mama."

"Haya. Na bunduki je, nayo ni ya mwaka huu?"

Akachukua kijiti, akashindilia tena.

Asubuhi moja mama huyo alikuwa ameinama aking'oa karanga, nyati akatoka kichakani, hatua thelathini tu. Mumewe akainua gobore, akalenga vizuri kabisa. Kidole kikakataa. Akalitupa, akakimbia kuelekea kwa nyati huku akipiga kelele na kupunga shati. Nyati alimpiga mama kikumbo, akamvunja mguu, kisha akatokomea msituni. Mungu alisaidia tu.

Mume alipokuwa akimfunga mguu, mkewe akamuuliza, "Mbona hukupiga? Ulimwogopa nyati?"

Yule bwana akalia kama mtoto. "Hapana, mama. Niliiogopa bunduki. Najua nilichotia humo; ingenipasukia usoni."

Mmesikia? Alitia baruti kwa ajili ya kumlinda mkewe, na baruti hiyohiyo ndiyo iliyomzuia kumlinda!

Na sisi je? Tuliumizwa zamani, tukaapa hatutaumizwa tena. Basi kila siku tunashindilia: neno la mwaka juzi, la jana, la leo asubuhi. Mwanao amepotoka, anahitaji neno moja tu la baba. Moja! Nawe umekaa kimya sebuleni, unatazama ukuta. Kwa nini? Unajua ukifungua mdomo hayatatoka ya leo tu, yatatoka yote, na nyumba itapasuka. Mama, na wewe unayecheka hapo nyuma, ni hivyohivyo kwako na dada yako.

Yule bwana aliimwaga baruti yote ya gobore lake, lakini mkewe tayari yuko kwenye magongo. Sisi tusingoje mpaka mguu wa mtu uvunjike. Ukifika nyumbani leo, kabla hujala, kaa na huyo unayemnyamazia, mwambie neno moja. Kipimo kimoja tu.