Mzizi Uliong'aa

Fundi seremala mmoja, Kobelo, alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Mloka. Nyumba zao zilitenganishwa na mto tu, lakini ilipita miaka minne mmoja hajakanyaga kwa mwenzie. Kisa chenyewe kilikuwa jeneza. Sikudhani, mke wa Mloka, alipofariki, Kobelo ndiye aliyelitengeneza. Alilipiga msasa, akalipaka vanishi mara tatu, likang'aa mpaka watu wakajiona sura zao. Akalipandisha kwenye mkokoteni, akalituma. Yeye mwenyewe hakwenda. Alisema ana kazi za watu. Ukweli ni kwamba aliogopa kumwona mdogo wake akilia, hakujua angemwambia nini.

Sikudhani aliacha samaki. Wanne, wekundu, kwenye tangi la kioo pale dirishani. Alikuwa akiwasemesha kama watu, na Mloka alipobaki peke yake akaendelea kuwasemesha. Ndio waliokuwa wamebaki wa kumngoja akirudi shamba.

Mwaka ule wa nne moyo ulimsuta Kobelo, akavuka daraja, akaenda. Ya msiba hawakuyagusa. Walikaa wakaangalia samaki. Mloka akasema wanahangaika, hawana pa kujificha, laiti wangepata mzizi wa mti wa kulala chini yake. Kobelo akafurahi, maana kwenye miti hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa mwepesi. Akasema mzizi aachiwe yeye.

Mloka akampeleka uani, akamwonyesha pipa. "Ukiupata tuuloweke humu, kaka. Kila siku mbili tatu unapita, tunamwaga maji, tunatia mengine, tunakunywa chai. Siku mzizi ukiacha kutoa rangi na ukazama wenyewe, ndiyo umeiva. Na vanishi yako iache huko huko, ni sumu kwa samaki. Wewe ukiachiwa, utampaka hata mbuzi."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kobelo aliutafuta mzizi kwa moyo wote, hilo nisimnyime. Alishuka mtoni siku tatu. Akaokota, akanusa, akakwaruza kwa ukucha, wenye utomvu akautupa, uliooza akautupa. Akapata mmoja wa mkwaju, mkavu, mafuriko yameusugua miaka na miaka, umejikunja kama mkono uliokumbatia kitu. Hapo alitakiwa aubebe begani mpaka kwa mdogo wake. Lakini alifikiri zile chai. Kila siku mbili tatu, nimekaa naye uso kwa uso, akiniuliza kwa nini sikuja kuzika, nitasema nini? Akaupeleka kwenye kibanda chake.

Akauchemsha kwenye sufuria la shughuli. Maji yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Akamwaga, akachemsha tena, yakatoka vile vile. Siku ya tano akachoka. Mzizi bado unaelea, basi akaufungia bamba la chuma kwa chini kwa skrubu. Ulipokauka ulikuwa umefifia, rangi ya majivu. Akautazama akaona haya. Miaka minne, halafu nimpelekee kitu kama hiki? Mkono wenyewe ukafuata kopo. Vanishi mara moja tu, nyepesi, alijiambia, ikikauka haina neno.

Akaufikisha kwa mdogo wake siku ya saba. Mloka akaupokea kwa mikono miwili. Akapitisha dole gumba juu yake, polepole. Kisha akasema ahsante kaka, akautumbukiza mwenyewe. Samaki wakaingia chini yake siku ile ile. Kobelo akanywa chai nusu kikombe, akasema ana kazi za watu, akaondoka akiwa mwepesi.

Ulipopita mwezi akarudi. Tangi lilikuwa kavu, halina samaki hata mmoja, limegeuzwa, limefunikwa khanga ya Sikudhani. Mzizi ulikuwa mlangoni, umezuia mlango usibamizwe na upepo, bado unang'aa.

Kobelo alisimama hapo hapo kizingitini. Akamuuliza mdogo wake, je, wewe hukuuona mng'ao wa vanishi?

"Niliuona, kaka," Mloka akasema. "Nikajua nikiukataa, hutarudi tena."

Kobelo akatoka uani, hakuweza kukaa ndani. Akalikuta lile pipa limesuguliwa mpaka chini, limejaa maji safi hadi mdomoni, na pembeni yake vigoda viwili. Kimoja kilikuwa kimeketiwa mpaka kimelainika. Cha pili kilikuwa na vumbi. Akakaa juu ya lile vumbi, akatazama maji, na hakuwa na kitu cha kuloweka.

Basi enyi wenzangu mnaojua kutuma vitu vizuri: huyo anayekungoja na pipa lake, aliwahi kukwambia anataka kitu king'ae?