Jogoo wa Ghorofa ya Nne

"Elfu hamsini hizi hapa, zimetoka mifukoni mwa watu. Zipokee, na jogoo ashuke leo!"

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii hii ya ghorofa na maji ya pampu, maneno hayo yalisemwa mlangoni kwa Mwajabu, ghorofa ya nne, mjini Tanga. Aliyeyasema ni Bwana Chogo, jirani wa ghorofa ya tatu, mlinzi wa ghala, mtu wa kukesha kazini na kulala mchana. Nyuma yake walisimama wapangaji wengine, kila mmoja katoa chake kwenye mchango, na kila mmoja kamwachia Bwana Chogo ndiye aseme.

"Jogoo wa kienyeji hafiki hata nusu ya hizo," akasema Bwana Chogo. "Tunakupa na faida juu. Mimi nikijilaza, anawika. Nikigeuka ubavu, anawika. Shemeji, mimi ni mtu au ni gunia?"

"Gunia lina heri, halipigi kelele ngazini."

Watu wakacheka. Bwana Chogo hakucheka.

"Kuku hafugwi ndani ya nyumba!"

"Hafugwi ndani ya nyumba yako. Hii yangu. Warudishie watu hela zao, na kuanzia leo usitie pua kwenye mambo ya nyumba hii. Ukiona moshi unatoka, pita. Ukiona mtu anatoka, pita. Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema Bwana Chogo. "Sitatia."

Akashuka na hela zake, na tangu siku ile akawa anampa Mwajabu salamu ya nusu mdomo.

Msidhani Mwajabu alikuwa mpenzi wa kuku. Yule jogoo alimchosha kuliko alivyomchosha Bwana Chogo. Alilala bafuni juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaamkia sebuleni, akapanda mgongo wa kochi na kuvichafua vitambaa ambavyo Mwajabu alivifuma kwa mkono wake. Alipigana na kivuli chake kwenye kioo cha televisheni. Pumba zilizagaa mpaka kitandani. Mwajabu alifagia asubuhi, akafagia mchana, akafagia jioni, na bado mgeni akiingia alikunja pua. Lakini hakumtoa, kwa sababu ya mama mkwe wake.

Mama mkwe, Bi Mwanahawa, aliletwa mjini kutoka vijijini Muheza baada ya mumewe kufariki, kwa kuwa akili yake ilikuwa imeanza kumtoroka. Alisahau chakula alichotoka kula. Alisahau majina. Hata mwanawe Hoza, mume wa Mwajabu, mama alimwita "wewe kijana." Mwajabu naye mama alimwita "dada," kama mtu anavyomwita msichana wa kazi. Na kila alfajiri alikwenda mlangoni na kibunda cha nguo, akatikisa kitasa. "Nifungulieni, naenda kwangu. Hapa si kwangu." Alitikisa, akalia, akatikisa. Hoza alificha funguo. Mama akapiga mlango kwa kichwa mpaka kipaji cha uso kikavimba.

Siku moja Mwajabu alinunua jogoo sokoni wa kupikia pilau, akamfunga jikoni alale. Alfajiri mama akashika kitasa kama kawaida yake. Jogoo akawika. Mama akaachia kitasa. Akasimama, akasikiliza, akaketi pale pale sakafuni, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe nimefika kwangu."

Pilau ile ililiwa bila nyama. Jogoo akaishi. Wakampa jina, Bwana Shamba, kwa sababu alitembea sebuleni kifua mbele kama afisa kilimo aliyekuja kukagua mahindi ya watu. Kila alfajiri aliwika, na kila alfajiri mama aliuliza, "Dada, huyo anawika wapi?" Mwajabu akajibu, "Anawika kwako, mama." Basi. Mlango haukutikiswa tena, na funguo hazikufichwa tena, ziliachwa mlangoni. Na jambo hili si Mwajabu peke yake aliyelijua. Hoza alilijua vilevile.

Sasa Hoza alikuwa na kaka yake, Mhina, aliyekuwa huko Geita machimboni. Huyu hakuja baba yao alipougua, hakuja baba yao alipozikwa. Mama, siku zile akili zake bado anazo, alisema hadharani kuwa Mhina asimkanyagie kizingiti. Mhina aliyapata maneno hayo, akakaa nayo huko huko.

Jumamosi moja akafika bila taarifa, na begi begani. Hoza akampokea chini, na wakati wanapanda ngazi akamweleza habari zote, pamoja na habari ya jogoo. "Usije ukamcheka, kaka. Yule ndiye anayemkalisha mama." Mhina akasema ameelewa.

Wakaingia. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele usiokuwa na mchanga, kazi aliyopewa na Mwajabu ili mikono yake isihangaike. Akainua macho.

"Mhina," akasema. "Mhina wangu. Mbona umekonda hivyo?"

Mhina akaanguka magotini, akaweka kichwa chake mapajani kwa mama, akalia kama mtoto wa chekechea. Mama akampapasa kisogo. Kisha akageuka, akamtazama na yule mwingine, akasema waziwazi, "Hoza, unasimama nini kama mlingoti? Ndugu yako katoka mbali. Mchinjie jogoo. Mwanangu hatakula mchicha kwangu mimi."

Hoza akaitwa jina lake na mama yake. Alikuwa amekata tamaa ya kulisikia tena.

Mama akamtazama na Mwajabu. Mwajabu akangoja. Aliyemwogesha huyu mama alikuwa yeye. Aliyemkata kucha, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko, aliyefua mashuka ya usiku kabla majirani hawajaamka, alikuwa yeye. Midomo ya mama ikachezacheza kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko. Mwajabu akasogea hatua.

"Na wewe dada," mama akasema, "chemsha maji ya kunyonyolea."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Chini ya ghorofa palikuwa na duka lenye kuku wa kisasa kwenye jokofu. Mwajabu angeweza kumvuta mumewe kando na kumwambia, shuka ukanunue mmoja, mama hatajua. Maneno yalimfika mpaka kooni. Akatazama vitambaa vyake vya kochi. Akatazama kile kinyesi kibichi juu ya ua jekundu alilolifuma yeye mwenyewe. Akaenda jikoni akachemsha maji.

Hoza akachinja bafuni. Mwajabu akapika. Mama akampakulia Mhina kwa mkono wake, akampa na firigisi, akasema, "Kula, mwanangu. Yaliyopita nimeyaacha." Mhina akala. Alikula huku machozi yanaingia sahanini, akatafuna mpaka mifupa. Mama alicheka siku ile. Alitaja majina ya watu waliokufa zamani, akawasimulia vizuri, mmoja mmoja.

Alfajiri yake hapakuwika kitu.

Waliochoka kwa furaha hulala sana. Mwajabu alipoamka jua lilikuwa limekwisha kuingia dirishani, mlango uko wazi, na kibunda cha nguo hakipo.

Wakashuka mbio. Wakauliza sokoni, wakauliza stendi, wakauliza hospitali. Mvua ikanyesha mchana kutwa na usiku wake, ile mvua ya Tanga isiyojua kukoma. Siku ya pili wakata mkonge wa shamba moja, nje ya mji, kwenye barabara ya Muheza, wakamwona. Alikuwa ameacha lami akakata kati ya mistari ya mkonge, kama mtu anayekijua kichochoro cha kwake. Alikaa kitako, kibunda kifuani, kanga imemgandia mwilini. Alikuwa amekwisha kuwa baridi. Miguu yake ilikuwa imechanwa na miba mpaka magotini.

Wakampeleka kwao Muheza, wakamzika kando ya mumewe. Ndivyo alivyofika kwake.

Baada ya maziko walirudi Tanga, wakakaa sebuleni, Hoza, Mhina na Mwajabu, hakuna anayemtazama mwenziwe. Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, alikuwa amewaambia neno moja makaburini. "Siku ya dua ya arobaini ukoo wote utakuwepo. Nitauliza ni nani aliyemtoa wifi yangu nyumbani. Mmoja wenu asimame ajibu, na aombe radhi kwa wote. Sitaki msimame kundi. Kundi halina aibu."

Wakati wamekaa hivyo mlango ukagongwa. Bwana Chogo akaingia, kofia mkononi, akavua viatu, asikubali kiti.

"Nimekuja kusema jambo, kisha mkitaka mnitukane," akasema. "Asubuhi ile nilikutana naye. Mimi natoka kazini, yeye anashuka. Nikamwambia, shikamoo mama. Akasema, marahaba baba, naenda kwangu, huku ugenini hata jogoo hakuna. Nilijua anasahausahau. Nikataka kuja kugonga hapa. Nikakumbuka nimeambiwa mtu akitoka nipite. Basi nikaona heri nimsaidie ngazi, zisije zikamwangusha. Nilimshika mkono, kidato kwa kidato, mpaka barabarani. Kibunda nilimbebea mimi. Nikamwambia, safari njema mama. Akaniombea dua."

Mwajabu akajifunika uso kwa mtandio.

Hoza akaruka. "Wewe! Mtu mzima na akili zako, unamwona mgonjwa anaondoka unamwambia safari njema? Wewe ndiye uliyemtoa!"

"Mimi nimemkuta kwenye ngazi, tayari katoka," akasema Bwana Chogo. "Mlango wake sikuufungua mimi. Jogoo wake sikumchinja mimi. Nilitaka kumnunua, kweli, lakini mlipokataa nilinyamaza nikakosa usingizi. Aliye na kisu ni nani?"

"Kisu nilishika mimi," akasema Hoza. "Lakini aliyeamuru ni mama. Miaka yote ile ananiita wewe kijana, siku ile kaniita Hoza. Kaniita jina akanituma. Ningemwambia hapana? Neno la kwanza alilonituma akiwa na akili zake nilikatae? Aliyeweza kukataa ni mgeni. Mgeni akisema sili, hachinjiwi. Na ngazini nilimweleza!"

Mhina akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa chini.

"Ulinieleza. Sikatai. Lakini wewe hukufukuzwa na mama, mimi nilifukuzwa. Ile haikuwa nyama, ilikuwa radhi yangu, imewekwa kwenye sahani. Ningesukuma sahani? Angekufa hajanisamehe. Na mimi ni mgeni, sijui mlango wenu unafungwa wakati gani. Mnaokaa humu mlijua jogoo hayupo. Funguo zilikuwa za nani usiku ule?"

Wote wakamgeukia Mwajabu.

Alikuwa na mengi ya kusema. Angeweza kusema kwamba mke wa mwana haamrishi mbele ya mama mkwe na wanawe. Angeweza kusema kwamba siku zote ni yeye aliyemkalisha mama nyumbani wakati mmoja yuko kazini na mwingine yuko Geita, na kama isingekuwa pilau iliyokosa nyama, mama angekwisha kutoka zamani. Yote hayo ni kweli, na aliyasema, mwanzo kwa ukali, kisha kwa kulia.

Lakini liko moja ambalo hakulisema. Usiku ule kitasa alikishika. Kabla ya kulala alipita mlangoni, akakumbuka funguo, mkono ukafika. Halafu akasikia mama chumbani anawataja, Mhina wangu, Hoza wangu. Akasubiri kidogo kama litafuata la tatu. Halikufuata. Akauacha mlango ulivyo, akaenda kulala. Hakumtakia mama mabaya. Alikuwa amechoka tu, na alitaka, kwa usiku mmoja, wenye majina ndio walinde mlango.

Hilo analijua yeye na Mola wake, na sasa nyinyi.

Arobaini ikafika. Mikeka ikatandikwa kule Muheza, dua ikasomwa, ubani ukafuka. Shangazi akanyoosha miguu, akawatazama wanne wale, kwa kuwa hata Bwana Chogo alikwenda, hakulazimishwa na mtu. Akauliza kama alivyosema atauliza. Nje majogoo wa kijiji wakawika mchana ule, mmoja akimjibu mwingine, na Mwajabu akainamisha kichwa.

Je, nani asimame? Aliyeila radhi yake, aliyetii jina lake, aliyemshika mkono ngazini, au aliyeuacha mlango?

Msiniambie ni wote, shangazi amekwisha kulikataa hilo. Msiniambie ni Mungu, Mungu hakushika kisu wala kitasa. Msiniambie ni marehemu, hayupo kujitetea. Hadithi mmeisikia yote, sikuficha kitu. Mnanidai nini? Hamnidai. Mimi ndiye ninayewadai jina moja, nalo nalitaka sasa hivi.