Breki za Marehemu

Leo sisimulii tu. Naleta kesi, na mahakimu ni nyinyi mlioketi.

Morogoro walikuwepo watu watatu. Mkude alijua kufungua magari ya ajali bila kukata hata waya mmoja, ilhali mafundi wengine wote hupitisha kisu. Wa pili, jina lake Sikudhani, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mama Chausiku alikuwa ameendesha malori miaka thelathini. Wakaamua kuunda gari lao wenyewe.

Mkude alifungua gari la ajali, waliloliita marehemu, akatoa breki za ABS, zile zinazokamata na kuachia zenyewe ili tairi lisiserereke. Zikatoka nzima: pampu, waya, na vidude vinne vya kupima mwendo wa kila gurudumu.

Sikudhani akazitazama. "Hizi zimezoea uzito wa marehemu. Gari letu jepesi, zitalishangaa." Akaikata fremu ya gari lao, akaichomelea upya mara tatu kwa vyuma vizito zaidi, hadi kila gurudumu likabeba mzigo uleule wa marehemu.

Wakalipeleka kwa Mkaguzi wa magari. Akapekua kitabu cha magari yanayoruhusiwa. "Hili halimo."

"Limo uwanjani, Bwana Mkaguzi," Sikudhani akajibu.

"Kisichomo kitabuni hukatwa kikawa chuma chakavu."

"Lijaribu kwanza. Likishindwa, nitakushikia msumeno."

Mkaguzi akamwagisha maji uwanjani, akachora mstari, akausimamisha juu yake mhuri wa ofisi. "Mkiugusa, mmekwisha."

Mama Chausiku akaja kasi. Malori yalimfundisha kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia. Safari hii pedali ikatapatapa chini ya kiatu kama kuku aliyeshikwa, na mguu ukataka kuachia. "Tulia, wewe mguu!" akaukemea, akakandamiza hadi mwisho. Gari likasimama shubiri moja kabla ya mhuri.

Mkaguzi akaokota mhuri, akatoa fomu. "Mtengenezaji: jina moja. Tunafunga saa tisa na nusu. Pakibaki wazi, linakatwa."

"Andika matatu," Mkude akasema.

"Nafasi moja."

"Kwa herufi ndogo!"

"Fomu haina herufi ndogo."

"Basi mimi. Bila mimi breki hizi zingekuwa nyaya za kuanikia nguo."

"Bila mimi zingekamata hewa," akasema Sikudhani.

"Na bila mguu huu," akasema Mama Chausiku, "mhuri wa serikali ungekuwa chapati."

Hakuna aliyerudi nyuma. Sasa ni saa tisa na dakika ishirini na tano. Kalamu ile pale, imefungwa kwa uzi mezani isiibwe. Ishike wewe: unaandika jina la nani?