Jina la Kwanza Mbele ya Kaaba

Hapo zamani, si zamani sana, maana simu za mkononi zilikuwepo, bibi mmoja wa Wete alifunga safari ya Makka. Jina lake Bi Riziki. Magoti yake yalikuwa mabovu, macho yake mazima, na ulimi wake mwepesi kuahidi.

Watu wa mtaani kwake huamini kwamba dua unayoiomba jicho lako linapoiona Kaaba mara ya kwanza hairudi mikono mitupu. Na ya kwanza ni moja tu. Bi Riziki mwenyewe hakuwa na haja. "Mimi dunia nishashiba," alisema. "Yangu nitampa mtu."

Sasa sikilizeni alimpa nani.

Kabla ya safari hakujua hata pa kuanzia. Jirani yake Raya, mwalimu wa chuo cha Kurani, akapindua sanduku la karafuu uani, akalifunika buibui lake, akamfundisha kulizunguka mara saba. Kila alasiri, miezi minane. Bibi akikosea, Raya hucheka: "Bibi, hiyo ya nane! Unakwenda wapi?" Kisha huanza upya. Siku ya kuagana, Bi Riziki akamshika mkono. "Miaka tisa ya ndoa bila mtoto yatosha, mwanangu. Jina lako ndilo litakalotangulia."

Wakafikia Madina kwanza. Kundi lao lilivaa mitandio ya kijani ili wasipoteane. Bi Riziki akaifuata mitandio ya kijani, akaifuata, mpaka ndani ya hoteli ya mahujaji wa Indonesia, nao wakamkaribisha wali. Mwenzake wa chumbani, Bi Zuwena, alikuwa kwenye foleni ya kuingia Rawdha, mahali patukufu ndani ya Msikiti wa Mtume. Zamu hiyo aliiota maisha yake yote. Akaiacha. Alimtafuta mwenzake asubuhi nzima, akamkuta anatafuna.

"Na tonge hujaniwekea!"

Zamu ilikwisha kupita, na kesho yake wakaondoka. Bi Riziki akalia. Alijua mtoto wa Bi Zuwena amemnunia mama yake mwaka wa kumi na mbili. "Atasema nawe tena, shoga yangu. Jina lako ndilo litakalotangulia."

Wakafika Makka. Mlangoni mwa msikiti magoti yakagoma. Kundi likatangulia, na Bi Zuwena peke yake hakuweza kumnyanyua. Kando yao mtu wa Kigoma, Yahaya, msukuma viti vya wasiojiweza, alikuwa ndiyo kwanza amalize kazi, amekaa anakula. Akaacha chakula, akamketisha Bi Riziki kitini, akasukuma.

"Niombee, mama. Mke wangu anapasuliwa kesho, kule Ujiji."

Bi Riziki hakufikiri. "Jina lako ndilo litakalotangulia."

Bi Zuwena akasimama palepale. "Lake? Na langu je?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia mkobani mwa Bi Riziki. Ni Raya, sauti yake ikisikika kwa wote.

"Bibi, mmefika? Umeinamisha macho kama nilivyokufundisha?"

"Nimeinamisha, mwanangu. Naona marumaru na vidole vyangu."

"Basi usinisahau. Uliniahidi jina langu litatangulia. Na bila mimi ungezunguka mara nane!"

"Bila mimi angekuwa Indonesia," akasema Bi Zuwena. "Nilichokiacha kwa ajili yake sijui kama nitakipata tena."

"Bila mimi mngekuwa mlangoni hadi sasa," akasema Yahaya. "Haja zenu zaweza kungoja. Yangu ni kesho."

"Wewe si unaiona Kaaba kila siku?" akauliza Bi Zuwena. "Muombee mwenyewe!"

"Naiona kila siku, dada. Lakini ya kwanza nilishaitumia. Niliomba kazi, nikaipata."

Bi Riziki alikuwa ameahidi mara tatu, na mara zote tatu alimaanisha. Hakuogopa. Alijua kwamba Anayeombwa hachoki kusikia. Ila ulimi wake ulikuwa mmoja, na mwanzo ulikuwa mmoja.

Kiti kikasimama. "Ndipo hapa, mama," akasema Yahaya.

Bi Riziki akainua uso. Ilikuwa mbele yake, nyeusi kama buibui la Raya, na machozi yakamjaa. Akafungua kinywa.

Haya, wanangu, msikimbilie kujibu. Raya aliahidiwa kwanza. Bi Zuwena alipoteza kisichorudi. Yahaya alikuwa na siku moja tu. Je, ni jina la nani lilistahili kutangulia?