Baraza Lililofunga Madirisha

Mkulima mmoja, Ambokile, alikuwa na shamba la mahindi mlimani na majirani wanane. Walilima kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na aliyelimiwa ndiye aliyepika. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama mvua imefika, maana iliwakuta wote wameinama shambani. Mimi nilikunywa uji wa mashamba yale, jamani, na sijapata tena uji mtamu namna ile.

Siku hizo jimbo lilitawaliwa na watu wa mjini, na mbegu za serikali zilifika kwetu wakati wa kupalilia. Wale tisa wakachoka. Wakaunda chama cha wakulima, milima yote ikawapigia kura, wakashinda. Ambokile akawa mkuu wa jimbo na wenzake wanane wakawa mawaziri. Siku ya kuapishwa waliingia katika jumba la serikali na matope miguuni, nasi tuliosimama nje tukalia kwa furaha.

Mji ule uko bondeni, na mvua huanza milimani. Basi mwanzoni walikutana kibarazani, wakiitazama milima, na kila kikao kilianza kwa kila mmoja kueleza shambani kwake kukoje. Nayakumbuka mazungumzo yale kuliko sheria zote walizotunga. Halafu mgeni mmoja akasema si heshima waziri kukaa nje. Wakaingia ndani, wakatandika zulia. Madirisha yakafungwa kwa sababu ya vumbi, mapazia yakashushwa kwa sababu ya jua. Mashamba wakayakodisha. Anayesema walikuwa wezi anawasingizia; walifanya kazi mpaka macho yakawauma.

Mwaka wa nne waliweka mbegu za jimbo zima katika ghala moja, ili zigawiwe siku moja na asipunjwe mtu. Wakaamua ghala lisifunguliwe mpaka baraza likubaliane kwamba mvua za kupandia zimeanza. Wakaketi kujadili. Mmoja alisema bado wiki mbili, mwingine akasema mwezi, na wote wakaona ni busara kusubiri taarifa. Siku ya tano ya kikao mlango ukafunguliwa, akaingia Sekela, mkewe Ambokile, ambaye hakukubali kamwe kuhamia mjini. Mlinzi alikuwa amemwambia anawe miguu kwanza. Hakunawa.

"Baba Tusekile," alimwambia mumewe, "mvua ina siku sita huko kwetu, nanyi mko humu mnabishana itanyesha lini?"

Ambokile aliinuka, akavuta pazia, akaiona milima imefunikwa na wingu zito. Waliokuwapo wanasema alilia. Ghala lilifunguliwa siku ile ile, lakini barabara za milimani zilikuwa zimeshakatika kwa mvua. Mbegu zilipotufikia, mvua ilikuwa imekwisha na udongo umekauka. Mwaka ule tulikula mizizi, na wazee watatu wa kijiji chetu hawakuyaona mavuno mengine.

Watu wale ninawapenda mpaka leo. Ningewapa kura yangu tena, kama wangerudi kuwa wale wa kibarazani. Basi nawauliza ninyi mliotumwa na wenzenu: mara ya mwisho mlipolowa mvua pamoja nao ilikuwa lini?